Herufi Moja, Deni Zima



Mpendwa msomaji, maneno mawili yanayofanana ni kama mapacha. Mgeni akifika nyumbani huwaita kwa kubahatisha, lakini mama yao huwatambua hata gizani, kwa kikohozi tu. Katika makala hii nataka kuandika juu ya mapacha wa Kiswahili. Nimeona kwa macho yangu, hapa katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwamba pacha mmoja akichukuliwa kuwa mwenzake, mtu mmoja anaweza kuchekwa hadi aache kusoma kanisani, na mwingine anaweza kupoteza mtaji wake wote.

Mimi ni frateri, nina miaka 25, na ninasoma falsafa. Likizo zangu nazitumia nyumbani Kariakoo. Asubuhi namsaidia mama, ambaye anauza dagaa na samaki wakavu. Jumamosi jioni, kwa ombi la paroko, nafanya mazoezi na wasomaji wa Neno wa parokia yetu kabla ya Dominika. Sokoni na kanisani kuna kazi moja inayofanana: mtu anatoa neno, na mwenzake analishika na kulitegemea. Kariakoo wanaita hata biashara nzima kwa jina hilo. Mwenye duka akimpa machinga mzigo bila fedha mkononi, akauze kwanza ndipo alete hela, huo ni mzigo wa mali kauli. Mali inatoka dukani kwa nguvu ya kauli. Mahali ambapo kauli inabeba mali, ni vizuri watu wajue wanatamka nini.

Jina la mtaa wetu

Tuanze na jina lenyewe, Kariakoo. Halikuzaliwa katika Kiswahili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika kilichoitwa Carrier Corps. Mwaka 1916 walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, wapagazi hao waliwekwa katika eneo hili. Wenyeji walilisikia jina la kikosi, masikio yao yakalipokea kwa sauti walizokuwa nazo, na kila silabi ikapata irabu yake kama lugha yetu inavyopenda: Ka-ri-a-ko-o. Nairobi nako kuna mtaa ambao jina lake lilizaliwa kwa njia hiyo hiyo, Kariokor.

Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimikwa mjini mwaka 1927 inawataja na wao katika maandishi yake. Majina yao mmoja mmoja hatuyajui. Jina la kikosi chao ndilo tunalolitaja kila siku tunapopanda daladala.

Nimeanza hapa kwa sababu mbili. Kwanza, anayelitamka neno kwa sauti za lugha aliyonyonya kwa mama yake si mjinga. Anafanya kile ambacho mji mzima ulifanya, na leo hatumcheki yeyote kwa kusema "Kariakoo". Pili, ndani ya neno huwa kuna watu, kwa hiyo ukilishika neno vibaya, unaweza kumwangusha mtu.

R na L

Baba yangu ni Msukuma. Kisukuma hakina r, na kwa Wasukuma wengi wa umri wake Maria ni Malia. Nyumbani kwetu, baba akisema "kula", tunatazama kwanza kama ni saa ya chakula au ni mwezi wa uchaguzi. Kura hupigwa na kuwekwa sandukuni, kula ni kazi ya mdomo. Mahari hupelekwa kwa wazazi wa binti, mahali ni pale watakapoishi baada ya harusi. Fahari ni utukufu na majivuno, fahali ni dume la ng'ombe, na wawili wake hawakai zizi moja. Kalamu huandika, karamu hulisha. Hawala ni njia ya kutuma fedha kwa mtu aliye mbali. Hawara ni mtu ambaye mwenye ndoa hapaswi kuwa naye, sembuse kumtuma kijijini kwa wazazi.

Tukiwa sokoni tunacheka na maisha yanaendelea. Kanisani kicheko kina makali zaidi. Katika kikundi chetu cha wasomaji yuko bibi mmoja, amepita miaka 60, amesoma Neno tangu mimi sijazaliwa. Dominika moja alisoma somo linalotaja karamu, na kila mara ilitoka "kalamu". Vijana wa mabenchi ya nyuma walicheka, mabega yakitikisika. Jumamosi iliyofuata alikuja na kitabu chake cha masomo, akampa katekista na kusema, "Wapeni watoto wenye ndimi za shule." Kisha akanigeukia. "Frateri mwanangu, miaka yote hii sikujua kuwa nilikuwa nawachekesha watu."

Nilimwambia, "Shikamoo bibi, hebu kaa kwanza tulitazame somo la kesho." Tulichukua penseli. Sikumwomba asahihishe kila r na kila l, maana hilo lingekuwa kumwomba abadilishe ulimi aliozaliwa nao. Tulizungushia duara yale maneno tu ambayo herufi ikibadilika, maana nayo inabadilika na msikilizaji anapotea. Katika somo zima yalikuwa matatu. Matatu tu! Mengine yote, hata akiyatamka kwa lafudhi ya kwao, msikilizaji atayaelewa bila shida. Bibi aliyarudia yale matatu hadi saa ya Rozari. Dominika ile hakukubali kusoma. Iliyofuata alisoma.

Kwa wale vijana nilisimulia habari iliyo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walivikamata vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka waliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Mtu wa Efraimu hakuweza kuitamka sh, alisema Sibolethi, na hapo hapo aliuawa. Maandiko yanasema waliokufa ni 42,000. Hakuna aliyewauliza wale watu walichomaanisha. Matamshi yaligeuzwa kuwa panga. Tangu siku ile, tukiona mtu anamcheka mwenzake kwa lafudhi, mmoja wa vijana wale husema kwa sauti ya chini, "Yordani hiyo," na kicheko hukatika.

Kwa hiyo naanza kwa kutofautisha, kama tunavyofundishwa darasani. Lafudhi ni jambo moja, maana ni jambo jingine. Tunaisahihisha maana pale inapopotea. Lafudhi tuiache ipumzike.

Dh, th na z

Kundi la pili la mapacha limetoka hasa katika maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Wengi wetu tuliokulia katika lugha nyingine za Kibantu hugeuza dh kuwa z bila kujua. Mtaa wa Gerezani unauza zana: nyundo, misumeno, bisibisi. Mimi nimepelekwa shule kujifunza dhana, yaani mawazo yaliyopewa umbo. Fundi mmoja aliniuliza nasoma nini. Nilipomwambia tunachambua dhana, alifurahi, akafungua sanduku lake la vifaa na kutaka maoni yangu juu ya koleo.

Kuna mapacha wa kundi hili ambao Mkatoliki hukutana nao kila wiki. Padre huadhimisha Misa. Lakini sikiliza matangazo ya parokia nyingi: "Misa itaazimishwa saa kumi na mbili asubuhi." Kuazima ni kuchukua kitu cha mtu kwa muda na kukirudisha. Kwa hiyo tumetangaziwa kwamba Misa itakopeshwa asubuhi, na labda irudishwe jioni. Kuadhimisha kuna ndani yake ukuu, kama katika neno adhimu. Pia kuna azimio, lile tunaloweka baada ya mafungo, nalo halihusiani na kukopa wala na Misa. Watatu hawa wanavaa nguo za kufanana, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Au chukua ridhi na rithi. Anayeridhi amekubali, anayerithi amepokea mali ya marehemu. Katika nyumba za familia hapa Kariakoo, ambako chumba kimoja kinaweza kuwa na ndugu wanane wanaokidai, sauti hii ndogo ni kesi nzima. Mtu akiandika kwenye karatasi kwamba "dada amerithi nyumba", wakati alitaka kuandika kwamba dada ameridhia nyumba iuzwe, wanasheria watakula kwa miaka.

Na kwa sisi tunaojiandaa kwa kiti cha maungamo, kuna dhamira na dhamiri. Dhamira ni kusudi la mtu, lile analolilenga. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayompima yeye pamoja na kusudi lake. Mwizi naye ana dhamira, tena thabiti. Kinachomsumbua usiku ni dhamiri. Muungamishi asiyewatofautisha hawa wawili anaweza kumsifu mtu kwa uthabiti wa lile ambalo anatakiwa kulijutia.

Msomaji anaweza kusema, "Frateri, hizi ni herufi tu." Basi akumbuke Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Mababa walikiri kwamba Mwana ni homoousios na Baba, yaani wa uwamo mmoja naye. Miaka kadhaa baadaye wakaja waliopendekeza homoiousios, yaani wa uwamo unaofanana na wa Baba. Tofauti ni iota, herufi ndogo kuliko zote katika Kigiriki. Lakini kati ya "mmoja" na "unaofanana" kuna nafasi ya kutosha kuupoteza wokovu wetu, maana anayefanana na Mungu, hata afanane vipi, bado si Mungu. Maaskofu walipelekwa uhamishoni katika mabishano ya karne ile. Walijua kwamba kinachofanana na ukweli ndicho kinachochanganya kuliko uongo wa wazi.

Neno moja, nyumba nyingi

Kundi la tatu ni la mapacha wasio na tofauti yoyote ya sauti wala ya herufi. Mezani kwa mama kuna papa mkavu, samaki yule mkubwa wa baharini. Pale Roma kuna Papa, Baba Mtakatifu. Padre mmoja mmisionari, ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni Kihispania, alipita mezani kwetu akasikia mama akinadi, "Papa huyu hapa, papa wa leo!" Alicheka hadi akashika kiuno. Alituambia kwamba kwao Amerika ya Kusini hali ni ile ile: el papa ni Baba Mtakatifu, la papa ni kiazi, na ukiweka mkazo mwishoni, papá ni baba mzazi. Kwao kinachowatenganisha wa kwanza wawili ni kile kineno kidogo kinachotangulia. Akaongeza kwamba sisi tunahangaika na r na l, wao wana r mbili: pero ni "lakini", na ukiuzungusha ulimi, perro ni mbwa. Mama akamwambia, "Kumbe Padre, kila mtu ana Kariakoo yake."

Tena kuna kupaa. Bwana wetu alipaa mbinguni, na tunaiadhimisha Sikukuu ya Kupaa kwake. Kule Feri, kina baba wanapaa samaki, magamba yanaruka. Kuna paa la nyumba, na kuna paa wa porini. Nani anatusaidia tusichanganyikiwe? Ni ngeli. Paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Kiswahili kimeweka taa ndogo mbele na nyuma ya kila neno, na anayezitazama hapotei.

Aristotle anaanza kitabu chake cha Kategoria kwa jambo hili hili. Kabla hajasema lolote kuhusu vitu vilivyopo, anatenganisha vitu vyenye jina moja lakini maana mbalimbali, na vile vyenye jina moja na maana moja. Mwanzoni nilishangaa kwa nini mwanafalsafa mkubwa aanze na jambo la kamusi. Baada ya likizo kadhaa mezani kwa mama sishangai tena. Watu wengi wanaobishana hawapingani, wanatumia neno moja kwa nyumba mbili. Muulize mwenye fremu na mpangaji wake maana ya kilemba. Mmoja anafikiria kitambaa cha kichwani na heshima, mwingine anafikiria mamilioni anayodaiwa kabla hata ya kodi ya mwezi wa kwanza.

Kuthamini na kudhamini

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Katika jumuiya yetu yuko kijana anayeuza mabegi ya shule pembeni ya Mtaa wa Kongo. Mzigo wake aliupata kwa mali kauli, akaulipa taratibu, na mwaka jana alikuwa amefikia kununua kwa fedha zake mwenyewe. Rafiki yake alimwendea na fomu ya mkopo wa shilingi 1,200,000 na kumwambia, "Kama unanithamini, nidhamini."

Ikumbuke sentensi hiyo, msomaji. Kuthamini ni kumwona mtu kuwa wa thamani. Kudhamini ni kuweka dhamana, kusema "akishindwa yeye, nidaini mimi." Th moja na dh moja, na katika midomo ya haraka ya Kariakoo zote mbili zinakaribia kufanana. Kijana yule alisikia swali kuhusu urafiki. Karatasi ilikuwa inauliza kuhusu deni.

Nilipomuuliza baadaye alielewaje neno mdhamini, alinijibu vizuri kabisa. Alilijua kutoka kwenye mpira: kampuni fulani ni mdhamini wa ligi, jina lake liko kwenye jezi. Alilijua pia kutoka kanisani, kwa sababu matangazo hutaja Bodi ya Wadhamini. Kwa hiyo aliona kwamba mdhamini ni mtu wa heshima anayesimama nyuma ya mwenzake ili aaminike. Alitia saini, akaambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa, na alijisikia mkubwa siku ile.

Mkopaji alirejesha shilingi 420,000, kisha simu yake ikazimwa. Zilibaki 780,000. Wakopeshaji walimfuata mdhamini.

Alinijia siku ya kazi, karatasi ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. "Frateri, nisomee. Mimi si niliyekopa. Kwa nini nilipe?" Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari. Walikuwamo watu watatu ambao majina yao yanatofautiana kwa silabi: mkopaji anayechukua, mkopeshaji anayetoa, na mdhamini anayejibu wakati mkopaji hajibu. Kulikuwa na neno la nne pia, mdhaminiwa, ambalo kwa haraka mtu anaweza kudhani ni lile la tatu limekosewa. Silabi hiyo moja, -wa, ilikuwa inaonyesha nani anabebwa na nani anabeba. Karatasi haikuficha kitu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, lugha yake na yangu.

Hapo ndipo masomo yangu yalipopata sura. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 13 la sehemu ya kwanza ya Summa, anafundisha kwamba kuna majina yasiyobeba maana ile ile kabisa, wala maana zilizotengana kabisa. Yanatumika kwa analojia: kuna uhusiano wa kweli kati ya matumizi yake, lakini si sawa. Mdhamini ni neno la namna hiyo. Wa ligi, wa bodi na wa mkopo, wote wanasimama kwa ajili ya kitu cha mwingine. Ndiyo maana kijana hakuwa amepotea kabisa. Lakini wa kwanza anatoa fedha ili jina lake lionekane, wa pili anatunza mali isiyo yake, na wa tatu anatoa shingo yake mwenyewe. Walimu wa zamani wa shule zetu, wakibanwa katika mjadala, walikuwa na neno moja la Kilatini la kujiokoa: distinguo, natofautisha. Nilikuwa nikilichukulia kama mchezo wa darasani. Siku ile niliona lingeweza kumwokoa mtu shilingi 780,000, kama pangekuwapo mtu wa kulitamka kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tulikwenda pamoja kwa wakopeshaji. Walikubali apokee mpango wa kulipa 60,000 kila mwezi kwa miezi 13. Jumuiya ilichanga marejesho mawili ya kwanza. Aliuza mzigo uliobaki kwa bei ya hasara na kurudi kwenye mali kauli, pale alipoanzia miaka minne nyuma. Amebakiza miezi minne. Rafiki hajaonekana. Juzi aliniambia, "Frateri, wewe una falsafa, lakini tofauti ya mdhamini na mdhaminiwa naijua mimi kuliko wewe." Nilikubali, kwa kuwa ni kweli.

Kitabu cha Methali kinaonya mara nyingi juu ya kumdhamini mtu ovyo, na katika sura ya 6 kinamshauri aliyejifunga hivyo asilale usingizi hadi ajinasue. Nilimsomea, akasema kingefaa kubandikwa Mtaa wa Kongo. Lakini tulisoma na mahali pengine. Barua kwa Waebrania, sura ya 7, inamwita Yesu mdhamini wa agano. Na Paulo, akimwombea Onesimo kwa Filemoni, anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba deni lolote la mtumwa yule lihesabiwe juu yake. Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo Yesu naye alisaini?" Nikamjibu kwamba alisaini akijua kila neno la mkataba, akijua pia kwamba mkopaji hatalipa. Huo ndio ulikuwa upendo wake: alituthamini, ndiyo maana akatudhamini. Kwake maneno hayo mawili yalikutana. Kwetu tunapaswa kuyatenganisha kwanza, ili tukiyaunganisha iwe kwa hiari na si kwa kutojua.

Maswali manne

Kwa wasomaji wa Neno, kwa mafrateri wenzangu, na kwa yeyote anayepewa karatasi ya kusaini, haya ndiyo maswali ninayoyatumia ninapokutana na mapacha.

La kwanza: ndugu zake ni nani? Thamani ni ndugu wa kuthamini na tathmini, dhamana ni ndugu wa kudhamini na mdhamini. Neno likikupa shaka, lione na familia yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, inastahili kukaa karibu na Biblia katika kila ofisi ya parokia.

La pili: lina taa gani mbele na nyuma? Tazama ngeli na viambishi. Huyu au hili? Anayetenda au anayetendewa? Hata kuazima, neno linaloweza kwenda pande mbili, hujulikana hivyo: nimemwazima jembe maana yake jembe langu liko kwake, nimeazima jembe kwake maana yake jembe lake liko kwangu.

La tatu: nani anatoa na nani anapokea? Katika kila karatasi ya fedha, andika pembeni majina ya watu halisi badala ya mkopaji, mkopeshaji, mdhamini, mpangaji na mpangishaji. Soma tena kwa sauti ukitumia majina hayo. Ukisikia jina lako mahali pa kulipa, simama.

La nne: nini kitaharibika nikikosea? Kama hakuna kitakachoharibika, kaa kimya na umwache mzee aseme Malia kwa amani. Mama wa Mungu anaitika. Lakini kama kuna maana itakayopotea, au mtu atakayeumia, sema, tena sema mapema.

Ndugu zangu mafrateri, siku moja tutawekewa mbele yetu watu wenye karatasi zilizokunjwa ndani ya mifuko ya nailoni. Wengine watakuja na fomu za mikopo, wengine na mirathi, wengine na dhamiri wanayoiita dhamira. Hawatatuuliza Aristotle alisema nini. Watasema, "Nisomee." Tujifunze kusoma polepole, tukiwa bado na muda wa kujifunza.